Kigoda ndani ya tochi ya Mjomba

Mjomba aliingia dukani mchana, tochi yake ikiwa imefungwa kwenye kitambaa kama mtu aliyebeba mkono uliovunjika. Mimi huuza vifaa vya ujenzi hapa Masasi: misumari, bolti, mabomba, rangi. Tochi si bidhaa yangu. Lakini Mjomba alikuwa mlinzi wa ghala la korosho, na ile tochi ya chuma cheupe, ya mawe matatu makubwa, yaani betri kavu za kutupa, alikuwa nayo tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Mwanangu, jiwe limekataa kutoka," akasema.

Nilifungua pande zote mbili, nikaingiza mpini wa fagio kwa mbele na kusukuma taratibu. Likatoka jiwe lililovimba, likiburuta tope la kahawia na unga mweupe. Springi ya kwenye kifuniko ilikuwa imeliwa nusu. Nilimuuliza alikuwa ameyaweka siku ngapi. Akaniambia ukweli bila kusita: yalipoisha nguvu aliyaanika juani, akayarudisha, yakampa usiku mwingine mmoja, akayaanika tena. Siwezi kumlaumu. Sisi sote tumekua tukiona mawe ya redio yamepangwa kwenye bati la jikoni yakipigwa jua. Hata yakifa kabisa hayakutupwa. Shuleni kwetu tuliambiwa tuje nayo, tukayapasua, tukatwanga ule mweusi wa ndani kwa ajili ya kupaka ubao. Leo nikikumbuka mikono yetu ilivyokuwa, nasikitika.

Nilimwambia Mjomba aniachie tochi. Nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba sitaki aendelee kununua mawe ya kutupa, na sitaki pia kumnunulia tochi mpya ya plastiki ambayo haitaki. Nilitaka tochi yake ile ile, ila kwa betri za kuchaji.

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: nunua betri za kuchaji za saizi ile ile kubwa, saizi D, ingiza, basi. Binamu yangu alikuwa Dar es Salaam, akaniletea tatu. Nilipozishika tu nikajua kuna jambo. Jiwe la kawaida la D ukiliweka mkononi unalisikia, lakini hizi zilikuwa nyepesi mno kwa ukubwa wake. Nikazigeuza kutafuta maandishi, nikaona mAh 2500, yaani kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Betri ya kuchaji ya D iliyojaa kweli hufika mAh 8000 hadi 10000. Hiyo 2500 ni ya betri ndogo ya AA, hii ya rimoti na saa ya ukutani. Nilichana ganda la moja, na ndani, katikati ya uwazi mtupu, kulikuwa na AA imesimama peke yake, imezungukwa na plastiki.

Nilikasirika kwanza. Baadaye nilikaa nikaitazama vizuri, na hasira ikageuka kitu kingine. Kama kiwandani wanachukua AA wakaivalisha koti la D, basi na mimi ninaweza kuivalisha mwenyewe, na kwa koti nitakalolijua ndani na nje. Tena AA za kuchaji zinapatikana, na zile zinazotunza chaji muda mrefu zikiwa zimekaa tu, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2005, zinamfaa sana mtu ambaye tochi yake hulala siku kadhaa kisha ikahitajika usiku mmoja kwa ghafla.

Nikachukua venia, kile kipimo cha fundi cha kupimia urefu na unene. AA ina urefu wa milimita 50 na nusu na unene wa 14 na nusu. D ina urefu wa milimita 61 na nusu, na unene wa kama 33. Kwa hiyo kila betri ina mapengo mawili ya kujaza. Pengo la kuzunguka, kama milimita 18, ni la kuzuia betri isicheze. Pengo la urefu, milimita 11, ni la kupitisha umeme. Mafundi huita kitu kama hicho spesa. Wakati huo sikujua kwamba mapengo haya mawili hayafanani hata kidogo kwa hatari.

Jaribio la kwanza lilikuwa gazeti na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Gazeti nilizungushia betri mpaka ikanenepa, ile karatasi ya kung'aa nikaikunja donge, nikaliweka juu ya kila kichwa cha betri. Tochi ikawaka. Mjomba akaondoka nayo akifurahi, na kesho yake akarudi akisema inapepesa. Donge la karatasi ya kung'aa halina uvumilivu. Springi inalikandamiza, linabonyea, halirudi, na baada ya saa chache za kutembea na kutikiswa linakuwa chapati. Pengo linafunguka tena. Ukiipiga tochi kofi inawaka, ukipiga hatua tatu inazima. Kwa mtu anayesikia kishindo nyuma ya ghala, tochi ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa tochi, kwa sababu anaitegemea.

Jaribio la pili nilidhani ndilo la akili. Niko kwenye duka la nati na washa, zile pete bapa za chuma, kwa nini nihangaike na karatasi? Nilichagua nati, nikapanga na washa mpaka milimita 11 zikatimia, nikaweka rundo moja juu ya kichwa cha kila betri, nikafunga na solotepu. Ilikuwa imara. Haikupepesa hata nilipoitikisa. Mjomba akaenda nayo lindo.

Usiku ule tochi ilipiga shoti ikiwa mfukoni mwa koti lake, tena ikiwa imezimwa.

Alinisimulia alfajiri, kiganja kikiwa kimebabuka. Alisikia joto kiunoni, akadhani ni mwili tu, kisha joto likazidi, akaichomoa, akaiona haishikiki, akaitupa mchangani. Nilipoifungua, gazeti lilikuwa na alama ya kuungua na ganda la plastiki la betri mbili za nyuma lilikuwa limeyeyuka. Solotepu ililegea, nati moja ikahama upande ikagusa ukuta wa tochi.

Nilikaa kimya mbele yake. Yeye hakusema neno baya, akaniuliza tu, "Lakini nilikuwa nimezima, mwanangu. Imewakaje?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha. Nilikaa nalo siku mbili, nikiwa na tochi iliyofunguliwa na mita ya fundi umeme wa jirani. Katika tochi ya chuma ya namna ile, ukuta wenyewe ni waya. Kitako cha betri ya mwisho, yaani upande wa hasi, kinagusa springi, springi inagusa kifuniko, kifuniko kimesokotwa kwenye mwili. Kwa hiyo mwili mzima, toka nyuma mpaka shingoni, ni hasi, uwe umewasha au umezima. Swichi yake kazi yake ni kuunganisha mwili na balbu tu. Sasa chuma chochote kilichoko katikati ya betri na betri, kikigusa ukuta, kinaziunganisha betri zilizo nyuma yake kichwa kwa kitako bila kupita kwenye balbu wala kwenye swichi. Betri za kuchaji hazina huruma hapo. Jiwe la kawaida likipigwa shoti hujichosha polepole, lakini AA ya kuchaji hutoa mkondo mkubwa papo hapo, na mkondo huo wote unageuka joto.

Nilipolielewa hilo, nikaona na jibu lake, na nilishangaa kwamba lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Kama mwili ni hasi, na kitako cha betri ya mwisho ni hasi, basi chuma kikikaa pale nyuma kabisa, kati ya kitako na springi, kinaweza kugusa ukuta kitakavyo. Hasi inagusa hasi, hapana shoti. Basi kwa nini niweke milimita 11 juu ya kila betri? Mapengo matatu niyakusanye yote yahamie nyuma. Betri tatu zifuatane zenyewe, kichwa kwa kitako, bila kitu katikati, urefu wake milimita 151 na nusu. Nafasi ya mawe matatu ya D ni 184 na nusu. Kinachobaki ni milimita 33, kipande kimoja, mahali pamoja, mahali salama.

Hapo kazi ikawa ya fundi, si ya kubahatisha tena.

Koti la kuzunguka nililipata kwenye vipande vya mabomba vinavyobaki dukani. Bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 20, ndani yake AA inaingia na kubaki na nafasi ndogo tu. Nilikata jalada la daftari nikalizungusha raundi moja ndani ya bomba, betri zikawa zinateleza bila kugongana. Bomba hilo haliwezi kukaa peke yake kwenye tumbo la tochi kubwa, kwa hiyo nililivalisha pete za bomba la 25, na juu ya hizo pete za bomba la 32, mbele na nyuma. Zilizopwaya nilizijaza kwa tepu ya umeme. Sikuona sababu ya kuvalisha bomba zima: pete mbili zinatosha kulishika lisicheze, na tochi haijazwi plastiki bure.

Kuna kosa moja nililifanya hapa ambalo lilinipotezea jioni nzima. Nilikata bomba kwa urefu sawasawa na betri tatu. Tochi haikuwaka kabisa. Nilikagua kila kitu mara mbili kabla sijaona kwamba kichwa cha betri ya mbele kilikuwa kimezama ndani ya mdomo wa bomba, hakiifikii balbu, na springi ilikuwa inasukuma bomba badala ya kusukuma betri. Bomba lazima liwe fupi kuliko betri. Nilisaga kwa msasa mpaka 149, betri zikachungulia kidogo pande zote mbili, taa ikawaka.

Kipande cha nyuma nilikitengeneza kwa mpini wa jembe uliovunjika. Nilichonga mti ukaingia kwenye tochi, nikaukata mduara, nikautoboa katikati, nikapitisha bolti ya spana namba 13 na kuikaza kwa nati upande wa pili. Kichwa cha bolti kinagusa kitako cha betri, nati inagusa springi. Uzuri wa bolti na nati ni kwamba urefu unaupima na kuupunguza kwa tupa mpaka ufike unapotaka. Nilisugua uso wa bolti kwa msasa kwanza, maana bolti iliyokaa dukani hushika kutu jepesi, na kutu hilo peke yake linatosha kuifanya taa iwe hafifu. Springi iliyoliwa niliibadilisha kwa nyingine kutoka kwenye tochi mbovu.

Mjomba alipokiona kile kipande akacheka. "Umeipa betri kigoda," akasema. Jina likabaki hilo. Kwetu sasa spesa ni kigoda.

Nilikuwa na hofu moja, ya nguvu. Kila anayejua betri huniambia: AA ya kuchaji ni volti 1.2, jiwe ni 1.5, tatu zitakupa 3.6 badala ya 4.5, mwanga utakuwa wa mshumaa. Lakini nilipoitoa balbu ya Mjomba na kuisogeza dirishani, kwenye shingo yake kulikuwa kumegongwa 3.8V 0.3A. Yaani waliotengeneza balbu ile ya mawe matatu walishajua kwamba mawe yakianza kufanya kazi hayakai kwenye 1.5, yanashuka. Waliihesabia 1.27 kwa kila moja. Betri ya kuchaji inakaa karibu na hapo sehemu kubwa ya usiku bila kushuka sana, wakati jiwe linaanza juu na kuteremka kila dakika. Mwanga wa mwanzo ni mpungufu kidogo kuliko mawe mapya kabisa. Baada ya saa mbili hali inageuka. Kwa betri za mAh 2000 na balbu ya ampia 0.3, hesabu inakupa zaidi ya saa sita za kuwasha mfululizo, na mlinzi haachi tochi ikiwaka mfululizo.

Nilidhani nimemaliza. Mjomba alikaa na tochi wiki nzima, akarudi na uso wa mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kuumiza.

"Inawaka vizuri. Ila imekuwa nyepesi."

Sikumwelewa mara moja. Akaishika kama anavyoishika lindoni, mkono ukiwa karibu na kioo, mkia ukiwa juu ya bega. Mlinzi wa usiku hana bunduki. Ana filimbi, ana fimbo, ana tochi. Kwa miaka yote hiyo uzito wa mawe matatu ulikuwa sehemu ya ujasiri wake, na mimi nilikuwa nimeuondoa bila kumuuliza.

Dukani nina mizani ya misumari. Tulipima mawe matatu ya kawaida, kisha AA tatu. Tofauti ilikuwa kama gramu 190. Nikakaa nafikiri ni wapi ndani ya tochi ninaweza kuweka chuma kizito bila kurudisha shoti, na jibu likawa lile lile: nyuma. Kigoda hakina lazima kiwe cha mti. Pale kilipo, kinaweza kuwa chuma kitupu, kinene, kinachogusa ukuta pande zote.

Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikamwomba kipande cha shafti ya chuma, unene milimita 32, urefu 33. Alinikatia na kunisagia nyuso mbili zikawa laini. Kwenye mizani kilisoma gramu 200 na kidogo. Nilikiingiza, nikafunga kifuniko, nikampa Mjomba. Hakusema kitu. Aliipandisha na kuishusha mara mbili tatu kwenye kiganja, akaiweka begani, na nikaona mabega yake yameshuka.

Ila sikutulia. Chuma cha gramu 200 kinacholala nyuma ya betri, tochi ikianguka kwa kichwa, kinakuwa nyundo. Nilijaribu kuidondosha kwenye gunia la mchanga na nikasikia mlio ambao sikuupenda. Kile kijipande cha shaba kinachopokea kichwa cha betri chini ya balbu kilikuwa kimebonyea. Nikarudi kwa fundi, akapunguza milimita 5, na kwenye nafasi hiyo nikaweka springi fupi kati ya kigoda na betri. Sasa kuna springi mbele ya chuma na springi nyuma yake. Gramu thelathini hivi zimepotea na Mjomba hakuzidai.

Betri nilimnunulia sita, seti mbili. Mkaza mjomba alitoa rangi yake ya kucha tukaziwekea alama, tatu nyekundu na tatu za zambarau, na sharti ni kwamba nyekundu haikai na zambarau kamwe. Betri tatu zilizofuatana zinatembea kwa mwendo wa iliyo dhaifu. Ikiishiwa moja kabla ya wenzake, zile mbili zinaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyume, na hapo inaharibika moja kwa moja. Kwa sababu hiyo hiyo nilimsihi: mwanga ukigeuka kuwa wa chungwa, zima, badilisha seti, usikamue. Mtu aliyezoea kuanika mawe juani hili linamwia gumu kuliko yote. Alinielewa nilipomwambia kwamba hizi hazianikwi, hizi zinalishwa.

Vijana wa lindo walipoiona wakaanza kuja na zao. Wengi wana tochi za kisasa za betri ya 18650, ile nene ya lithiamu, na tatizo lao mara nyingi ni lile lile la pengo: tochi ilinunuliwa na koti la plastiki la kuishika betri, koti likapotea, betri inagonga huku na huku, taa inapepesa. Kama tundu la tochi ni kubwa, la kupokea 26650, betri nene zaidi, kipande cha bomba la umeme la milimita 25 chenye urefu pungufu kidogo ya betri, na raundi mbili za karatasi ngumu ndani, kinamaliza kazi kwa dakika kumi. Lakini hizo nazifanya kwa woga zaidi. Ganda lote la 18650 ni hasi mpaka begani, hatua ndogo tu kutoka kwenye kichwa cha chanya, na kinachotenganisha ni ngozi nyembamba ya plastiki. Ikiletwa imechanika, sigusi mpaka ivalishwe ngozi mpya. Na aliyenijia na betri iliyoandikwa mAh 9900 nilimwambia wazi kwamba hakuna 18650 yenye uwezo huo. Nzuri kabisa zinacheza kwenye 3500.

Mmoja alitaka nimwekee lithiamu mbili kwenye tochi ya mawe matatu, ili iwake kama gari. Mbili zikiwa zimejaa ni volti 8.4, na balbu ile ni ya 3.8. Ingekatika kabla hajatoa kidole kwenye swichi. Nilimfanyia moja tu, na vigoda viwili vya mti virefu kujaza milimita 119, bolti ndefu zikipita katikati, vyote nyuma. Niliweka balbu ya LED, kwa kuwa balbu ya waya ingeendelea kuifyonza betri ya lithiamu hata ilipofika chini ya volti 2.5, mahali ambapo haitakiwi kufika.

Mjomba sasa amepumzika kazi, tochi anayo, na mvua zikianza huitumia kwenda kuangalia nguruwe pori shambani. Juzi alinipigia simu jioni. Mlinzi aliyemrithi ghalani ana tochi ya chuma kama yake, ila ya mawe mawili, na anataka kigoda. Nikamwambia amwambie aje nayo nione springi yake imekaaje, lakini fundi aanze kukata chuma: kwa mawe mawili ni milimita 22, atoe 5 za springi, zibaki 17.